Tausi wa Bibi na Koo la Fundi

Mafundi cherehani wote wa dunia wana neno moja, nalo ni kesho. Njoo kesho, itakuwa tayari kesho, kesho bila kukosa. Mume wangu neno hilo halimtoki. Akikwambia Alhamisi, ni Alhamisi, na kama haiwezekani atakwambia hapohapo, mkasi mkononi, kwamba nguo yako haitaiwahi harusi na ni bora utafute fundi mwingine. Vilevile atakwambia kitambaa ulichonunua kitachuja rangi, na kwamba tumbo limeongezeka tangu mwaka jana, tusidanganyane. Mimi nakaa meza ya pembeni nikishona vifungo na kukunja pindo, na kazi yangu ya pili, isiyo na malipo, ni kuwapoza wateja anaowaunguza. "Umependeza," nawaambia. "Usimsikilize huyu." Katika nyumba yetu, ukitaka ukweli muulize Fundi. Ukitaka kufurahi, niulize mimi.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akashika kiuno, akalia kama tausi.

Tausi mwenyewe hakuwa wetu. Alikuwa wa Bibi, jirani yetu wa nyumba ya nyuma. Si bibi yetu kwa damu, lakini ndiye aliyenifundisha kumwogesha mtoto wetu wa kwanza wakati naogopa hata kumshika. Marehemu mumewe alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja kubwa. Hoteli ilipofungwa, wenzake waligombania viti na mashuka. Yeye akarudi nyumbani na kifaranga ndani ya kofia. Kifaranga kikawa dume la kupigiwa mfano, shingo ya buluu, mkia wa kuburuta, na kwa jinsi alivyotembea mtaani kama anayesubiriwa ukumbini, watu wakamwita Bwana Harusi. Mzee alipofariki, Bibi akabaki na huyo ndege. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, Bibi akimsimulia bei ya sukari na maumivu ya goti, naye Bwana Harusi akigonga sahani kwa mdomo.

Mimi nilikuwa simpendi. Alinichafulia nguo nilizoanika. Alilia alfajiri, na kilio cha tausi wala si cha ndege, ni cha mtoto aliyebanwa kidole mlangoni na mama hayupo. Uzuri wote ule, kisha afungue mdomo atoke hivyo. Nilikuwa nikimwambia Fundi kwamba Mungu alimpa kwa mkono huu akamnyang'anya kwa ule.

Basi Bibi akakutwa na uvimbe tumboni, wa kutolewa kwa kisu. Madaktari wakasema alazwe kwanza, maana presha yake ilikuwa juu, na hawampasui mpaka ishuke. Binti yake akaja kumchukua. Bibi alipofika mlangoni kwetu na kibegi chake, hakuuliza habari za nyumba wala ufunguo. Alimshika Fundi mkono.

"Fundi, nakukabidhi Bwana Harusi. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta, Bibi," akasema Fundi.

Mtu mwingine angesema tutajitahidi, au Mungu akipenda. Mimi ningeongeza na maua juu yake. Yeye alisema utamkuta, na nilimjua mume wangu: neno hilo lilikuwa limeshashonwa, halifumuki.

Siku ya kwanza tausi alisimama kwenye geti la Bibi akilia mpaka mtaa mzima ukashika masikio. Fundi akashindwa kuvumilia, akamfungulia akaingia sebuleni kwetu, ambako ndiko karakana. Huko akakuta kioo kirefu cha wateja. Kuanzia hapo ikawa amani. Alisimama mbele ya kioo asubuhi hadi jioni akimtazama tausi mwenzake, akitandaza mkia kila mteja akiingia, na wateja wakawa wanachelewa kuondoka kwa sababu yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, lakini huyu mgeni wetu hakuwa na kamba wala wasiwasi.

Sasa kuna jambo la sumaku, na ndiyo iliyotuponza. Watoto wetu wote walitambaa kwenye sakafu hiyohiyo ya pini na sindano. Kila jioni Fundi hupitisha sumaku kubwa iliyofungwa kwenye mpini, chini ya meza, chini ya cherehani, pembeni mwa ukuta. Sumaku ikipanda na pini, anazichomoa na kurudia. Ikipanda tupu, sakafu ni salama. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na kwa sheria hiyo tumelea watoto bila hata mmoja kuchomwa. Bwana Harusi naye akapewa haki hiyohiyo.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya makoti ya bendi ya shule, mekundu, yenye safu mbili za vifungo vya shaba vinavyong'aa kifuani. Bakuli la vifungo likanitoka mkononi. Tuliokota tulivyoviona, Fundi akapitisha sumaku mara mbili, ikapanda safi. "Hakuna kitu," akasema. Nami nikasema hakuna kitu, nikaenda kupika.

Tulijua anaumwa siku alipokigeuzia kioo mgongo. Alijikunyata chini ya meza, shingo imezama kati ya mabega, mabawa yameanguka, mahindi yake hajayagusa. Kinyesi kikawa cha kijani kibichi. Fundi akasema labda amekumbuka kwao. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, tumpeleke leo. Tukamtia kwenye kapu la nguo chafu, mkia ukining'inia nje, tukambeba mmoja huku, mmoja huku, watu barabarani wakituuliza harusi ni ya nani.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mikono isiyo na haraka. Alimpapasa kifua, akatikisa kichwa kidogo, akampiga picha ya eksirei. Kisha akaibandika kwenye taa, akatuita. Kwenye firigisi ya Bwana Harusi kulikuwa na viduara vyeupe, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na kitanzi chake nyuma.

Fundi alisogea mpaka pua ikagusa picha. "Vifungo vya bendi," akasema.

"Ameokota sakafuni?"

"Haiwezekani, Daktari. Mimi hupitisha sumaku."

"Sumaku inavuta chuma, Fundi," daktari akasema taratibu, bila kucheka. "Shaba haina habari nayo."

Fundi alirudi nyuma akakaa kwenye benchi, kati ya mtu mwenye mbuzi na mama mwenye paka. Miaka yote ile ya sumaku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria hilo. Mimi nilitamani kucheka, kisha nikauona uso wake, nikaacha.

Daktari alieleza vizuri. Vifungo vinalika taratibu tumboni na sumu yake inaingia kwenye damu. Kumpasua haiwezekani, amedhoofu mno. Atachomwa sindano ya kuvuta sumu asubuhi na jioni, atanyweshwa uji laini wa kusukuma, na tungoje vifungo vitoke vyenyewe. "Vikitoka, atapona," akasema. "Akichoka kabla havijatoka, tutampoteza. Sitaki kuwaficha." Fundi alimpenda kwa maneno hayo, ingawa yalimkata.

Jioni hiyohiyo simu ikaita, nikaiweka kwa sauti kubwa. Alianza binti yake Bibi, kwa sauti ya chini. "Presha bado iko juu. Wanasema ikishuka tu wanampasua, na ule uvimbe hausubiri. Nawaombeni msimwambie kitu cha kumshtua." Kisha akampa mama yake simu.

"Mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bwana Harusi je?"

"Mzima wa afya. Anakula kutushinda." Mimi uongo haunipi tabu.

"Niwekee simu nisikie sauti yake."

Hapo nikakwama. "Amelala, Bibi."

"Tangu lini analala saa hizi? Mchokoze kidogo."

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anampima mwalimu wa bendi, koti limeingia mkono mmoja. Alikuwa amesikia kila kitu. Akaiweka futi shingoni, akaenda nyuma ya pazia, akakohoa. Halafu ikatoka sauti ambayo katika ndoa yetu yote sikuwahi kuisikia. Ilianzia chini, ikapanda, ikavunjika katikati, ikapanda tena. Mwalimu wa bendi alisimama na mkono wake mmoja wa koti, akatazama dari kwa heshima.

 Nilisikia Bibi akivuta pumzi.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mwambie Fundi ahsante. Kesho nitapiga tena."

Fundi alitoka nyuma ya pazia akiwa mwekundu wa masikio. Akaendelea kupima bega. Nilimpenda wakati ule kuliko siku aliyonioa, na nilimwambia hivyo mbele ya mwalimu wa bendi.

Presha ikashuka. Wakampasua Bibi, uvimbe ukatoka, binti yake akapiga simu akilia kwa furaha. Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa tangu utotoni, lakini yetu iliendelea kurefuka. Bibi alibaki wodini kupata nguvu, na kila jioni akaomba asikilizishwe. Kila jioni Fundi akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikawa namwelekeza. "Usikate mwisho kama jogoo, vuta. Tausi ana majivuno." Naye alifanya mazoezi kwa uaminifu uleule anaofanyia kola. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba Fundi amechanganyikiwa, nikawaambia ni zoezi la kifua aliloandikiwa na daktari.

Nyuma ya uongo huo kulikuwa na mgonjwa. Sindano ya kwanza ilitushinda: Bwana Harusi, hata akiwa hoi, alirusha mabawa akanipiga kofi la uso. Fundi akamtazama kwa muda, akachukua futi, akampima kifua, mgongo, na chini ya mabawa, akamshonea kizibao cha flana laini cha kufunga kwa kamba tumboni. Cha kwanza kilimbana. "Kifua kinataka nafasi ya kupumua," akasema, akakifumua, akashona upya. Kwa kizibao hicho tulimchoma sindano bila vita. Uji tulimnywesha kwa bomba lisilo na sindano, mimi nimeshika kichwa, yeye akisukuma pole pole, akiongea naye kama anavyoongea na mteja mgumu: bado kidogo, simama wima, tumalize. Tulimlaza kwenye kapu karibu na meza ya pasi, mahali penye joto, na magazeti chini.

Magazeti hayo Fundi aliyakagua mwenyewe kila yalipochafuka, miwani puani, kijiti mkononi. Hakuna kifungo. Siku zikapita, hakuna. Makoti ya bendi yakalala mezani bila mikono, na mwalimu alipokuja kuyaulizia nilisikia kwa masikio yangu mume wangu akimwambia, "Njoo kesho." Nikajua hali ni mbaya.

Ilifika asubuhi ambayo Bwana Harusi hakuweza kusimama. Miguu ilikunjika, shingo ikalala ukingoni mwa kapu, na uji ukamtoka pembeni ya mdomo. Fundi alimfuta kwa pamba, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga pedali.

"Nilimwambia atamkuta," akasema.

"Bibi ni mtu mzima. Ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo. Halafu ataingia kwake afunge mlango, na hatakuwa na wa kuongea naye." Akalisogeza kapu karibu na pasi. "Akifa, nitaenda hospitali mwenyewe. Nitamwambia usoni kwamba ni mimi, sumaku yangu."

Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Nikamwambia bakuli lilianguka mkononi mwangu, kwa hiyo kama ni kwenda tutakwenda wawili, na kwa sasa anyanyuke anishikie kichwa cha ndege, uji unapoa. Alinyanyuka. Tulimnywesha matone machache, tukarudia baadaye, tukarudia tena.

Kifungo cha kwanza kilitoka kesho yake. Fundi alikiosha, akakiweka kwenye kisosi, akakaa akikitazama. Kilikuwa kimepoteza mng'aro wote, kimelika ukingoni. Nikamuuliza kama atakirudisha kwenye koti. Akacheka, nami nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Baada ya hapo vikawa vinatoka, leo kimoja, kesho viwili, na kila kimoja kilipotua kwenye gazeti tulitazamana kama watu waliopata barua ya heri.

Tuliporudi kwa daktari, picha ilikuwa na firigisi tupu, safi. Daktari alituonyesha kwa kidole, akitabasamu. "Amevuka hatari," akasema. "Sasa mlisheni." Mimi, niliyemwita ndege yule kila jina baya linalofaa kutamkwa na mama wa watoto, nilikaa kwenye benchi lilelile la mbuzi na paka nikalia machozi ya kweli, na Fundi akanipa kipande cha kitambaa cha bitana kutoka mfukoni nijifute.

Nyumbani Bwana Harusi alianza na yai la kuchemsha lililopondwa, akaja mboga iliyokatwa, akaja mahindi. Akadonoa chaki ya Fundi. Akasimama, akayumba, akatembea hadi kwenye kioo, akajitazama akiwa na kizibao, akakiuma akitaka kivuliwe. Tukakivua. Makoti ya bendi yakaisha kwa siku chache, na vifungo vyote sasa vinakaa kwenye chupa yenye kifuniko.

Jambo moja tu lilikuwa bado. Alikuwa halii. Daktari alisema sauti itarudi na nguvu, tusimharakishe. Kwa hiyo Fundi aliendelea kushika zamu nyuma ya pazia, ingawa koo lilishaanza kumkwaruza.

Jioni moja Bibi akapiga, sauti yake imeshanyooka, anasema wiki hii huenda akaruhusiwa. Nikaweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza. Fundi akafungua mdomo kumwamkia, ikatoka pumzi tupu. Koo lilikuwa limegoma. Akanionyesha kwa kidole: wewe. Nikakataa kwa kichwa. Akasisitiza. Nikasimama, nikashika kiuno nilivyomwona akifanya, nikawaza watoto wangu wakinikuta.

Kabla sijaanza, mlio ukatokea mbele ya kioo. Ulikuwa mbovu. Ulianza na mkwaruzo, ukakatika, ukamalizika kwa kitu kama mlango usiotiwa mafuta.

Bibi akacheka kwenye simu, kicheko cha upole.

"Leo umeharibu, Fundi," akasema. "Jana ulilia vizuri zaidi."

Tuliangaliana. Fundi akainama kwenye simu, akalazimisha sauti. "Bibi, huyo si mimi."

"Basi ni mkeo. Mwambie akaze tumbo."

"Niko hapa, Bibi," nikasema. "Sijafungua mdomo."

Na wakati naongea, Bwana Harusi akalia tena juu ya maneno yangu, safari hii kwa nguvu, akapanda mpaka juu kabisa alikokuwa akipanda zamani, taa ya mezani ikatetemeka.  Kwenye simu nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayeinuka ghafla.

"Yuko hai?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo tulipoelewa. Fundi akavuta kiti akakaa.

"Yuko hai, Bibi," akasema. "Aliumwa sana. Alikula vifungo vyangu. Amepona."

"Mimi nilishamzika," Bibi akasema. "Siku ile ya kwanza nilijua si yeye. Huyo nimeishi naye, nisimjue? Nikasema basi, amekufa, na Fundi hana uso wa kuniambia. Nikakusikia unavyohangaika na koo lako, nikacheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Kisha nikalia. Asubuhi wakanipima, presha imeshuka. Nikawa naomba kila jioni unililie, maana mtu asiyejua uongo akijitesa hivyo kwa ajili yangu, ningemwambiaje kwamba najua? Nilishaanza kujifundisha namna ya kushtuka nikifika getini."

Wiki zote zile alikuwa amelala kwenye kitanda cha watu, tumbo limeshonwa, akimwombolezea ndege wake peke yake ili asituvunje moyo.  Fundi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya futi.

"Mwambie alie tena," Bibi akasema.

"Nani, Bibi?" Fundi akauliza. "Yeye au mimi?"

"Wote wawili."